Ngozi ya Metresi

Metresi alivaa nguo zake upande wa ndani ukiwa nje. Haikuwa bahati mbaya wala haraka ya asubuhi. Kila siku ya kazi blauzi yake ilikuwa imegeuzwa, mishono yote ikitazama barabara, naye amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, ametulia kabisa. Mgeni aliyepita mtaani kwetu, hapa Kamina, alimhurumia kimoyomoyo akidhani ni mama aliyefiwa au aliyepungukiwa na akili. Sisi tuliomjua tulinyamaza tukisubiri mgeni huyo afungue mdomo. Aliyethubutu kumwambia, "Maman, blauzi umeivaa mubaya," alijibiwa papo hapo: "Yangu iko bien. Weye njo ulikosa. Muzuri yote umepatia bantu, mubaya yote umepatia ngozi yako." Yaani uzuri wote umewapa watu, ubaya wote umeiachia ngozi.

Ngozi yake ndiyo iliyotaka hivyo. Mshono ukimsugua asubuhi, jioni palikuwa na mstari mwekundu kana kwamba amechapwa. Nailoni ilimtoa vipele. Sabuni ya dukani ilimbambua vidole. Lebo za shingoni, zile za nguo za mtumba, alizikata kabla hata hajakubaliana bei, na wauzaji sokoni walipomwona anakuja na mkasi wake walianza kumbembeleza akiwa bado yuko mbali. Ngozi hiyo aliiita mke mwenza. "Mukemwenza alilala mubaya leo," aliniambia asubuhi nyingine juu ya ukuta wa matofali unaotenganisha nyua zetu, nami nikajua kuwa siku hiyo wanafunzi wake watakiona cha mtema kuni.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo wanayajua wenye ukoo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa kushona, kisha nikawa jirani yake, na ninachoweza kusimulia ni kile nilichokiona kwa macho. Jina lake pia silitaji, maana hata sisi hatukulitumia. Kwetu mwalimu mwanamke huitwa Metresi, na mtaani wako wengi, wa hesabu na wa Kifaransa, lakini ukisema Metresi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule wa kushona.

Alifundisha katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye cherehani za kukanyaga ambazo alizipaka mafuta mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Tulikuwa wa aina mbili. Wako mabinti wa hapa, wa familia za kilimo, waliokuja kwa baiskeli kutoka vijijini wakiwa na mahindi ya kuchoma kwenye mfuko. Na wako wake za wanajeshi kutoka Baze, kambi kubwa iliyo nje ya mji, wanawake wa kila pembe ya Kongo waliosema Kilingala kwanza na Kiswahili baadaye, na waliojua mitindo ambayo sisi tulikuwa hatujaiota. Metresi aliwachanganya kwenye benchi moja. Nguo ikimalizika, hakuangalia uzuri wake. Aliigeuza kwanza, akapitisha kidole ndani ya mishono kama mtu anayetafuta mwiba, na kidole kikikwama, wembe ulitoka.

"Mushono ya inje ni ya bantu," alisema huku akifumua kazi yako ya siku nzima mbele ya darasa zima. "Mushono ya ndani ni ya ule mwenye kuvaa. Bantu batakuangalia dakika moja. Yeye atavaa mpaka jioni."

Mke wa sajini mmoja aliwahi kuleta gauni la harusi lililong'aa mpaka tukafumba macho. Metresi aliligeuza, akalifumua kuanzia kwapani hadi kiunoni, na yule mama akalia hadi bitana ikalowa. Wiki iliyofuata alirudi, akalishona upya, na tangu siku hiyo akawa rafiki yake mkubwa kuliko sisi sote. Mambo ya Metresi yalikuwa hivyo. Alikuumiza asubuhi, ukampenda mchana.

Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, na bado aligombana na kwaya ya parokia juu ya mavazi yao. Yalikuwa ya poliesta, kola imekaza. Metresi alimfuata padri sakristia akamwambia kwamba Mungu hakuumba jasho ili lizibiwe mlango. Padri alicheka, akamwuliza kama anataka kwaya iimbe uchi. Akajibu kwamba anataka iimbe kwa pamba. Hakushinda, lakini kila Jumapili kwaya ilipoingia alijikuna shingo kwa niaba yao, kwa makusudi, kwenye benchi la mbele, mpaka waimbaji wa sauti ya kwanza wakawa wanashindwa kujizuia kucheka.

Nieleze sasa jinsi alivyopata mpira wa kupitishia chakula tumboni, maana bila hilo habari zake hazikamiliki. Na mwenyewe alipenda kulisimulia, tena kwa kicheko, kila mara akianza kwa kumlaumu mke mwenza.

Kwa kuwa sabuni ya dukani ilimbambua, alipika yake mwenyewe ya mafuta ya ngazi, yale mawese mekundu, pamoja na soda kostiki. Ni kazi inayojulikana kwetu. Unayeyusha ile soda katika maji, maji yanachemka bila moto, unaacha yapoe. Siku hiyo aliyaacha yapoe ndani ya chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, juu ya meza ya kukatia vitambaa, wakati darasa likiendelea. Joto lilikuwa kali. Mwanafunzi mmoja alimletea mkono wa blauzi aliouweka kinyume, wa kulia kushoto. Metresi alianza kumkaripia, na huku macho yake yote yako kwenye ule mkono, akanyoosha kiganja, akashika chupa, akapiga funda moja.

"Kama ule mukono ulikuwa bien," alikuwa akisema, "minyi niko nakula bukari mpaka leo."

Yule mwanafunzi, ambaye sasa ni mama wa watoto wengi, aliyasikia maneno hayo mara nyingi kuliko Baba Yetu, na baadaye akawa anajibu tu, "Ndiyo, Metresi, lakini ile mukono nilirudilia." Walicheka wote wawili. Lakini siku za mwanzo hakuna aliyecheka. Koo lilivimba, likapoa, tukamshukuru Mungu, kumbe lilikuwa linajifunga polepole kwa ndani. Kwanza lilikataa bukari, ugali wetu. Baadaye likakataa uji. Mwishowe hata maji yalirudi. Alikonda hadi blauzi zake zikawa zinamzunguka bila kumgusa, na alisema kwamba angalau mke mwenza amefurahi. Walimpeleka Lubumbashi kwa treni amelala juu ya mabunda ya vitenge, na huko madaktari wakatoboa tumbo, wakapitisha mpira mwembamba hadi ndani, ili chakula kisipite tena mdomoni. Alirudi na mpira huo na seringe kubwa ya kusukumia uji. Alikuwa hai. Sisi wanafunzi wake tuliimba tangu stesheni hadi nyumbani.

Ulaji wake mpya aliushika kama alivyoshika kila kitu, kwa amri. Uji wa mahindi na soya ulichujwa mara mbili, kwa kipande cha pazia la nailoni, kazi pekee aliyowahi kuikubalia nailoni. Kabla ya uji, maji; baada ya uji, maji, mpira usizibe. Jumapili alitaka mchuzi wa kuku. Nilimwuliza tumbo litajuaje kama ni Jumapili.

"Tumbo iko na kalenda yake," alijibu. "Inasikia kengele ya misa kama weye."

Alitafuna karanga za kukaanga ili apate ladha, kisha akazitema kwenye kikopo, na aliweza kuniambia kama chumvi imezidi kwenye sufuria yangu kwa kunusa tu kutoka upande wake wa ukuta. Mara nyingi alikuwa sahihi, jambo ambalo liliniudhi.

Kilichomsumbua hakikuwa uji. Kilikuwa ngozi. Pale mpira ulipoingilia, palitakiwa kubandikwa sparadra, ile plasta nyeupe ya hospitali, ili mpira usivutwe. Sparadra ilipotolewa siku ya kwanza ilitoka na ngozi. Walijaribu nyingine, ikatoa malengelenge. Muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu, kijana mpole mwenye miwani, akaamua kuacha plasta kabisa. Akampa kitambaa laini cha kuuzungushia mpira, akifunge mwenyewe kiunoni, akamwagiza apaoshe kwa maji safi, apakaushe, apaache wazi.

Hapo ndipo sisi tulipoingia, na heri tungekaa kwetu.

Mnajua wanawake wa huku na sare. Harusi, kilio, sikukuu ya wanawake ya mwezi wa tatu, hatutoki mpaka wote tuwe tumevaa kitenge kimoja. Metresi alipotaka kutoka nasi kwa mara ya kwanza tangu arudi, mmoja wetu aliona kwamba mpira wake unachungulia chini ya blauzi, wa rangi ya njano, usioendana na kitu. Akamshonea kifuko cha kuufunika, kwa kitenge kilekile cha sare, chenye mkanda na kifungo. Kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Metresi alikishika, akakigeuza, akapitisha kidole ndani, akasema, "Umeshona bien." Kwa sisi tuliolelewa na wembe wake, neno hilo lilikuwa kama medali.

Basi kila mmoja akataka medali yake. Mwezi haukuisha, Metresi ana vifuko vya kujaza sanduku. Kuna vya lesi, kuna vya satini, kuna kilichotariziwa ndege wawili wakipigana busu. Changu kilikuwa na pindo za njano na bitana ya rangi ya waridi, nami nilikiona ndicho bora. Yule mke wa sajini alishona cha kitambaa cha jeshi, cha madoadoa. Metresi alikivaa ndani ya nyumba tu, kwa sababu raia haruhusiwi kuvaa nguo za jeshi, na hakuna aliyejua kama tumbo nalo ni raia.

Sasa hapa kuna jambo la ajabu katika tabia yake, na sijawahi kulielewa hadi mwisho. Mama huyu aliyefumua gauni la bibi harusi bila kupepesa jicho hakuweza kukataa zawadi. Hakuweza hata kidogo. Ukimletea papai bovu alilipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo kila aliyemtembelea alimkuta amevaa kifuko chake. Akisikia sauti ya mtu getini, aliingia chumbani haraka, akavua cha huyu, akafunga cha yule. Kitenge kipya kina gundi na rangi kali, na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kufua kitenge mara nyingi kabla hakijagusa mwili. Vifuko vyetu havikuwa vimefuliwa hata kimoja, maana nani anafua zawadi?

Na kulikuwa na pazia. Kwetu mtu hali mbele ya watu bila kuwakaribisha. Hata kama una muhogo mmoja mkononi na anayepita humjui, unasema karibu, naye anakushukuru na kupita. Metresi alijiuliza atamkaribishaje mtu kwenye mpira. Akatundika pazia kwenye kona ya chumba, na saa ya kula ikifika alitoweka nyuma yake, akarudi ameshafunga vifungo vyote hadi shingoni. Nasi kwa upande wetu tuliacha kumkaribisha. Tukiwa tunakula naye akatokea, tuliweka kijiko chini tukageukia mazungumzo mengine, kwa sababu kumwambia karibu tuliona ni kumdhihaki. Tulifikiri ni heshima. Hakuna mtu aliyemwambia neno hilo tena, na katika mji huu sijui kama kuna upweke mkubwa kuliko huo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuliona Metresi anapungua ucheshi, anakaa upande, anashika kiuno akiinuka. Alisema ni uzee. Mpaka siku moja nilipopitisha sufuria yake juu ya ukuta nikamsikia muuguzi akisema naye uani, na sauti yake ya upole ilikuwa imebadilika.

"Maman Metresi, hii ngozi iko naoza. Haiko mupira njo iko naleta shida, ni hizi manguo. Unafunika, unafunika, mayi ya tumbo inatoka inakaa pale chini, inakula ngozi. Minyi nilikuambia uache wazi."

"Niko naacha wazi."

"Banani banakushonea hii?"

Metresi aliinama, akaanza kufunga vifungo.

"Sikia, maman. Kama haipone, tutatoa mupira, na utarudia Lubumbashi bakupasule pa fasi ingine. Damu yako iko kidogo. Sijue kama utarudia huku."

Nilibaki na sufuria mkononi. Nilielewa kwamba tunamuua, na kwamba tunamuua kwa lesi. Nilitaka kuruka ukuta nichome lile sanduku. Lakini Metresi aliinua kichwa, akaniona, akaniashiria kwa kidole ninyamaze, na kidole hicho nilikuwa nimekitii tangu ujana wangu.

Jumamosi iliyofuata alituita. Habari ilipita sokoni, ikafika vijijini, ikafika Baze, na chumba cha mbele kikajaa wanawake wazima waliobanana kwenye mabenchi ya ujana wao. Wengi walidhani kuna mtindo mpya. Yeye alikaa kwenye kiti chake, blauzi imegeuzwa, sanduku la vifuko liko miguuni.

"Mukae," alisema. "Leo hakuna mashini."

Tukakaa. Lazima niseme kwamba sijawahi kuona mwanamke mwenye haya kuliko Metresi. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona hata goti lake. Alipokuwa akipimwa nguo alisimama gizani. Hospitali ya Lubumbashi, alisema, walimpasua akiwa amefumba macho, ili asiwe na habari ya nani anaangalia. Sasa aliweka mkono kwenye kifungo cha juu, akakifungua, akafungua cha pili, akaendelea kushuka, bila haraka.

"Nilibafundisha namna nguo inapashwa kukaa na ngozi," alisema. "Leo muangalie ngozi."

Tuliangalia. Kuzunguka ule mpira palikuwa pekundu, pabichi, pamechubuka kama nyanya iliyotiwa maji ya moto. Alama za mikanda yetu zilionekana moja juu ya nyingine. Mtu angeweza kutambua mkanda wake kwa upana. Mimi niliutambua wangu. Mmoja nyuma yangu alianza kulia.

"Mwenye kulia atoke inje," alisema Metresi. "Sikubaita kwa kilio. Minyi njo nilikosa. Mulinipa, nikaogopa kusema hapana. Minyi mwenye kupasula mishono yenu mbele ya bantu, nikaogopa kifuko." Akaelekeza kidole upande wa zahanati, kwa yule muuguzi. "Mufirmie anasema hii ngozi isipopona, nitarudia Lubumbashi. Minyi sitaki. Nataka kubaki huku, nibasumbue."

Mke wa sajini alisimama, akasema kwa Kiswahili chake cha Kilingala, "Mama, tukufanyie nini?"

"Kila mutu akamate kifuko yake, afumule. Polepole. Kitambaa isipasuke. Nitaangalia."

Basi tulifumua. Wanawake wazima, wengine bibi tayari, tumeinama juu ya nyembe, naye anapita kati ya mabenchi, blauzi wazi, tumbo wazi, akitutajia makosa. Mimi niliambiwa nimevuta uzi kwa nguvu. Mwanzoni hakuna aliyejua aweke wapi macho. Halafu mtu akaanza kucheka, sijui nani, pengine kwa sababu wale ndege wawili walikuwa wameachanishwa na sasa kila mmoja anabusu hewa, na kicheko kikatembea benchi hadi benchi mpaka Metresi mwenyewe akashika mbavu, juu kidogo ya mpira, akituomba tuache kwa sababu kucheka kunauma. Kitambaa changu nilirudi nacho nyumbani. Hadi leo nashikia sufuria.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya muuguzi. Alipakaza dawa nyeupe ya zinki, akapanga mpira usikaze wala usilegee, akamfungia kiunoni utepe uliochanwa kutoka shuka kuukuu lililofuliwa mpaka likawa kama manyoya ya kifaranga. Metresi alimwambia kwamba tangu alipokuwa bibi harusi hajafungwa kitu kiunoni na mwanaume, na yule kijana miwani yake ikapata ukungu. Ngozi ilichukua muda wake. Ilikauka kwanza pembezoni, ikabadilika rangi, ikarudi. Asubuhi moja juu ya ukuta aliniambia, "Mukemwenza alilala," basi, hakuongeza neno, akaenda kuwasha moto.

Lakini pazia halikutoka. Aliishi tumbo wazi nyuma ya pazia, na mbele yetu alifunga vifungo. Kumwonyesha mtu kidonda ni jambo moja, alisema, kula mbele yake ni jingine. Nami sikuweza kumbishia, kwa sababu hata mimi sikujua ningemwambia nini akianza kula.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye ilikuwa stesheni. Binti yake anayeishi Luena, kule kwenye migodi ya zamani ya makaa, alikuwa amemwomba akakae naye, na binti aliyeolewa hakataliwi mara nyingi na mama yake. Nilimsindikiza na vikapu vyake. Treni yetu wenyewe mnaijua, haina saa, ina siku. Tulikaa chini kwenye jukwaa pamoja na watu wengine wengi, magunia, mbuzi, wanajeshi wa likizo na familia zao. Jua likapanda. Saa ya kula ikafika, ikapita. Nikamwona anameza mate, midomo imekauka. Mtu wa mpira hawezi kuahirisha sana, hasa yeye na ile damu yake kidogo.

Nilisimama, nikakunjua kitenge changu, nikakitandaza kwa mikono miwili ili nimfanyie pazia.

"Weka chini ile kikwembe," alisema.

"Metresi, bantu beko naangalia."

"Baangalie. Iko nakupa shida gani? Kaa, utachoka mikono."

Nikakaa. Akatoa chupa ya uji, akatoa seringe, akavitandika juu ya kitambaa safi mapajani. Akafungua vifungo viwili vya katikati. Ngozi yake ilionekana pale juani, kavu, nzima, ya rangi yake yenyewe, na mpira unatokea humo kwa amani. Niliingiwa na fahari na woga pamoja. Watoto waliacha kucheza. Mwanamke mmoja aligeuza uso, kisha akaurudisha. Metresi alisukuma maji kwanza, kama kawaida yake. Kisha akajaza uji, akainua kichwa, akawatazama wale watu wote asiowajua, kuanzia kushoto hadi kulia, kama anavyolitazama darasa.

"Karibuni, tukule," alisema.

Watu waligeukia magunia yao. Niliona aibu kwa niaba ya mji mzima. Karibu yetu alikuwa amekaa mzee mmoja mvuvi, na gunia lake la samaki wakavu wa Kinkondja, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema na mtu. Alivua kofia.

"Wafwako, mama," alishukuru kwa Kiluba. "Kula bien."

Na wengine wakafuata, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa: aksanti maman, kula maman, tunashukuru. Metresi alisukuma uji wake polepole hadi mwisho, akasukuma maji, akafunga mpira, akajipangusa midomo ijapokuwa haikuwa imegusa kitu. Yule mzee kwa wakati huo alikuwa amefungua kifurushi chake cha majani. Mlikuwa na bukari baridi na samaki mmoja. Alimega tonge, na kabla hajalipeleka mdomoni, alimgeukia.

"Karibu na weye, mama."

Metresi alimwangalia mzee, akaangalia lile tonge, na uso wake ukafunguka wote.

"Aksanti, tata," alisema. "Minyi nimeshiba."